Mafundi wa Whitechapel na Shamba Nambari 64

Sikwenda kwa ajili ya Wayahudi, nilikwenda kwa ajili ya mafundi cherehani. Binti ya kaka yangu, ambaye ni muuguzi mashariki mwa London, alikuwa amebandika kwenye friji orodha ya mambo ya bei nafuu ya kumtembeza shangazi yake, na mojawapo lilikuwa matembezi ya kuongozwa katika mitaa ya Whitechapel na Spitalfields, walikokaa wahamiaji wa Kiyahudi waliokuwa wakishona makoti na suruali. Nikamwambia twende huko kwanza, Jumba la Mfalme litatusubiri. Baba yangu alishona makoti na suruali maisha yake yote kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mjini Eldoret, na sisi watoto tulipiga bandi na kukaza vifungo kabla ya kufungua madaftari ya shule. Kwetu ukitaja Wayahudi, mtu huenda moja kwa moja kwenye Biblia au kwenye taarifa ya habari za vita. Sikuwahi kumfikiria Myahudi mwenye pini mdomoni na utepe wa kupimia shingoni.

Kiongozi wetu alikuwa bibi wa miaka sabini na ushei, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la tatu. Hata kabla hatujasalimiana vizuri alishatuambia kwamba babu yake alikuwa mpiga pasi, na kwamba pasi za siku hizo zilikuwa nzito hata bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto. Nilimpenda hapo hapo.

Ila hakutuanzishia kwa mafundi. Alitupeleka Bevis Marks, uchochoro ulio katikati ya majengo ya benki na bima, ambako kuna sinagogi iliyofunguliwa mwaka 1701 na inayosaliwa hadi leo. Historia yake aliipitia upesi. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza, na mlango haukufunguliwa tena hadi 1656, enzi za Oliver Cromwell. Waliofika kwanza walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Uhispania na Ureno, wengi wao wakipitia Amsterdam. Walijenga kwa heshima na kwa tahadhari, ndani ya ua, mbali na macho ya barabara kuu. Familia ya Benjamin Disraeli, waziri mkuu wa baadaye, ilikuwa ya hapa. Baba yake aligombana na wazee wa sinagogi, akajitoa, na mwaka 1817 watoto wakabatizwa kuwa Waanglikana. Kwa kuwa Myahudi asiyebatizwa hakuweza kukaa bungeni hadi 1858, unaweza kusema ugomvi wa kamati ndio ulioipa Uingereza yule waziri mkuu. Bibi alikipenda kisa hicho kuliko jengo lenyewe, nami pia.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini alianzia pale. Alitaka tujue nani walikuwa tayari ndani ya nyumba kabla wageni hawajapiga hodi.

Wageni wenyewe walianza kufika kwa wingi baada ya Machi 1881, alipouawa Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi. Wayahudi walisingiziwa, nyumba na maduka yao yakavamiwa katika miji ya kusini mwa dola, na sheria za Mei 1882 zikawabana zaidi katika makazi na biashara. Juu ya hayo kulikuwa na ufukara wa kawaida, ambao haupigiwi kelele lakini ndio unaofungasha mizigo ya wengi. Hadi mwaka 1914 watu wapatao milioni mbili walikuwa wameondoka Ulaya Mashariki. Wengi walielekea Marekani, na kiasi cha 120,000 hadi 150,000 wakabaki Uingereza, sehemu kubwa katika kipande hiki cha London ambacho mtu hukikata kwa miguu kwa muda wa kunywa chai.

Meli kutoka Hamburg, Bremen na Rotterdam ziliwashusha karibu na ulipo Tower Bridge leo. Gatini walingojwa na watu waliojua Kiyidi, lugha ya wageni hao, waliowaita ndugu, wakawabebea mizigo na kuwapeleka kwenye vyumba ambavyo kodi yake ilimaliza akiba yote ya safari. Nilicheka peke yangu. Aliyewahi kushuka basi la usiku River Road, Nairobi, anawajua watu hao na anakumbuka hata namna wanavyoinamisha kichwa wakitabasamu.

Hapo ndipo mwoka mikate Simon Cohen aliposhikwa na huruma. Aliwafungulia wageni jengo lake Whitechapel, wasio na mahali wakalala sakafuni na kula alichokuwa nacho. Mwaka 1885 pakafungwa kwa hoja kwamba palikuwa pachafu na hapafai kulaza watu. Waliosababisha pafungwe hawakuwa polisi wala maadui wa Wayahudi. Walikuwa wakuu wa Bodi ya Walezi ya Wayahudi, taasisi iliyoundwa mwaka 1859 na matajiri wa Kiyahudi wa London ili kuwasaidia maskini wa Kiyahudi.

Bibi alisimama hapo akatuangalia mmoja mmoja, kama anayengoja tukasirike. Kisha akaeleza. Wenyeji hawa walikuwa wamehangaika vizazi kadhaa hadi wakaitwa mabwana, wakaingia bungeni na katika baraza la jiji. Sasa kila meli ilikuwa ikiwashusha watu wenye ndevu na mitandio, wanaosema Kiyidi, wanaojazana kumi chumba kimoja. Waliogopa kwamba Mwingereza hatatofautisha Myahudi wa Bevis Marks na Myahudi wa gatini. Waliogopa pia kwamba msaada ukiwa rahisi, wengine watakuja zaidi. Mwaka 1888 Rabi Mkuu mwenyewe, Nathan Adler, aliwaandikia marabi wa Ulaya Mashariki akiwaomba wawazuie watu wao wasije. Bodi nayo iliwalipia maelfu nauli ya kurudi walikotoka au ya kuendelea mbele.

Mpwa wangu alinigusa kiwiko. "Shangazi," aliniambia kwa Kiswahili ili wenzetu wasisikie, "unasikia? Ni kama kanisani kwetu." Baadaye alinieleza vizuri. Wakenya wenzake waliofika na vyeti vya uuguzi miaka ishirini iliyopita, wenye nyumba na magari, huwachangia nguo za baridi na magodoro wanaokuja sasa kufanya kazi ya kulea wazee. Ibada ikiisha, hao hao husikika wakinong'ona kwenye maegesho kwamba hawa wa juzi wanatuharibia jina. "Na mimi nimeshasema hivyo," akaongeza bila haya. "Walikuwa saba katika nyumba ya vyumba viwili, wanapika ugali saa nane usiku. Majirani Wazungu wananiuliza mimi."

Sina haraka ya kuwahukumu matajiri wa Bevis Marks. Kufungwa kwa pahali pa yule mwoka mikate kulizua makelele, na mwaka huo huo wa 1885 ikaanzishwa Hifadhi ya Muda ya Wayahudi Maskini, ambayo baadaye ilikuwa Leman Street. Mgeni alipata kitanda na chakula, kwa muda usiozidi siku 14. Wafanyakazi wake walikwenda gatini kuzilaki meli na kuwatimua matapeli. Pesa zilitoka mifuko ile ile. Mkono uliotoa mkate ndio uliolipa nauli ya kumrudisha mtu, na pengine katika wiki hiyo hiyo. Katika simulizi za uhamiaji tumezoea kuwe na mkarimu upande mmoja na mbaguzi upande wa pili. Matembezi haya yalinionyesha wote wawili katika koti moja, na mshono hauonekani.

Ukitaka kuuona ukarimu huo ukiwa jiwe, nenda Brune Street. Jengo la jiko la supu la Wayahudi maskini bado lina uso wake wa matofali na nakshi, na juu ya mlango limechongwa bakuli kubwa la supu. Mwaka wa kujengwa umeandikwa mara mbili, 1902 kwa kalenda ya wenyeji na 5662 kwa kalenda ya Kiyahudi. Milango nayo ina maandishi yaliyochongwa, mmoja wa kuingilia, mwingine wa kutokea. Nilisimama muda mrefu mbele ya milango hiyo. Mtu aliyechonga maneno hayo kwenye jiwe alijua kwamba foleni haitaisha mwaka huu wala ujao, na kweli jiko lilihudumu hapo hadi 1992. Leo ni nyumba za kuishi, za bei ambayo mpwa wangu aliitafuta kwenye simu, akaniangalia, akairudisha simu mkobani.

Karibu na hapo ni Bell Lane, ilipokuwa Shule Huru ya Wayahudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 4,000. Watoto walipewa viatu na nguo, wakafundishwa kusoma, kuhesabu, na kuwa Waingereza. Kiyidi hakikutakiwa. Mtoto aliingia asubuhi akiwa wa mama yake na kutoka jioni akiwa na lugha ambayo mama haijui. Kizazi chetu tuliosoma Kenya hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Tulivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na aliyekivaa hadi jioni alichapwa. Bell Lane hawakuwa na kibao, kwa nilivyosikia, ila nia ilikuwa ndiyo hiyo. Bibi alisema babu yake alimwandikia mwanawe barua jeshini na mwana akahitaji rafiki wa kumsomea. Hakuongeza neno, akavuka barabara.

Kisha tukafika kwa mafundi.

Nilidhani tutaonyeshwa karakana. Hakuna karakana. Kuna nyumba nyembamba za matofali katika mitaa kama Princelet Street, zilizojengwa karne ya 18 kwa ajili ya Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, ambao walifuma hariri kwenye vyumba vya juu vyenye madirisha mapana. Wayahudi waliingia katika vyumba hivyo hivyo na cherehani zao. Katika nyumba nambari 19 hata sinagogi ilijengwa nyuma, palipokuwa bustani, mwaka 1869. Bibi alitoa mkobani picha iliyofunikwa plastiki: chumba kimoja, wanaume wanne, wanawake wawili, mvuke, rundo la vitambaa, na cherehani ya Singer ya miguu. Nikamwuliza kama naweza kuishika. Mashine ya baba ilikuwa ya mkono, lakini shingo ilikuwa ile ile nyeusi, na maua yale yale ya dhahabu.

Kazi waliigawa kama ilivyogawanywa Eldoret wakati wa sare za shule. Mkataji ndiye bwana. Anayefuata ni mshonaji wa mashine, kisha mpiga bandi, mpiga pasi, na mwisho mwanamke wa vifungo na matundu yake, ambaye hulipwa kidogo kuliko wote. Malipo yalikuwa kwa kipande. Katika msimu walifanya kazi saa 13 au 14 kwa siku, msimu ukiisha wakakaa wiki kadhaa bila senti. Mgeni asiyejua kazi aliingia kama mwanagenzi kwa aliyefika mwaka uliotangulia, na aliyefika mwaka uliotangulia alimnyonya bila aibu, kwa kuwa naye alikuwa akinyonywa na mwenye duka la jumla. Mtaani kulikuwa na sehemu ambapo wasio na kazi walisimama wakingoja kuchaguliwa. Baba alinisimulia maneno kama hayo kuhusu asubuhi zake za mwanzo Eldoret, alipokuwa akisimama na mkasi wake mbele ya maduka.

Lakini waligoma. Mwaka 1889 maelfu ya washonaji waliweka sindano chini wakidai saa zipunguzwe. Mwaka 1912 wakagoma tena, na kisa cha mgomo huo ndicho nilichokibeba. Aliyewahamasisha alikuwa Rudolf Rocker, Mjerumani ambaye hakuwa Myahudi, aliyejifunza Kiyidi akiwa mtu mzima na kuwahariria gazeti lao la wafanyakazi. Washonaji walishinda upesi. Makuli wa bandarini, wengi wao Wairishi Wakatoliki, nao walikuwa kwenye mgomo wao, lakini wao walikuwa wakishindwa, na watoto wao walikuwa na njaa. Familia za washonaji, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimetoka kwenye njaa ya mgomo wao wenyewe, zikawachukua mamia ya watoto wa makuli kuwalisha na kuwavisha majumbani mwao. Watoto wengine walifika bila viatu.

Waongozaji wa matembezi hupenda kukifunga kisa hicho na kile cha Oktoba 4, 1936, siku ambayo Oswald Mosley alitaka kuwapitisha Mafashisti wake wenye mashati meusi katikati ya mitaa hii. Wayahudi, Wairishi, wakomunisti na majirani wa kila namna walifunga Cable Street kwa magari yaliyopinduliwa na samani, polisi wakajaribu kufungua njia wakashindwa, na maandamano yakageuzwa. Inasemekana baadhi ya Wairishi waliokuja siku hiyo walikumbuka supu ya mwaka 1912. Napenda iwe kweli. Ila kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 24, na Wairishi wengine wa mtaa ule ule walimshangilia Mosley.

Tahadhari hiyo hiyo ilinishika Brick Lane, mbele ya jengo ambalo kila kitabu cha mji kinalisifu. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wahugenoti. Baadaye likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi ya Wayahudi washika dini sana, na mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabangladeshi. Saa ya jua ya Wahugenoti bado iko ukutani. Watu huguswa na mfululizo huo, na mimi niliguswa. Lakini ukiusimulia hivyo, kama ufunguo unaopokezwa kwa mkono laini kutoka mpangaji hadi mpangaji, unaacha yaliyotokea kwenye ngazi. Mwaka 1901 iliundwa Ligi ya Ndugu Waingereza, ikafanya mikutano ya maelfu ya watu mashariki mwa London kudai wageni wazuiwe. Mbunge wa Stepney, William Evans-Gordon, aliibeba hoja hiyo bungeni. Na hao Wabangladeshi, miaka miwili baada ya kuupata msikiti, walimzika Altab Ali, kijana fundi wa nguo aliyeuawa kwa kisu na wabaguzi Mei 4, 1978 akirudi kutoka kazini. Bustani ndogo ya Whitechapel inaitwa kwa jina lake. Naye alikuwa fundi wa nguo. Bibi alilisema hilo kwa sauti ya chini kidogo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na picha ya kutuonyesha.

Matunda ya kelele za Evans-Gordon na wenzake yalikuwa Sheria ya Wageni ya 1905, iliyoanza kutumika Januari 1906, sheria ya kwanza ya zama hizi ya kuwachuja wahamiaji kwenye bandari za Uingereza. Bibi aliitaja akiwa anatembea, akaongeza juu juu kwamba serikali hiyo hiyo ilikuwa imewapa Wayahudi nchi ya Uganda, wakaikataa. Wenzetu wakacheka. Uganda! Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Si Uganda," nikasema. "Ni nyumbani kwetu."

Kundi zima lilisimama. Nikaeleza nilichokijua, na usiku ule nikasoma zaidi. Mwishoni mwa 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alipita Afrika Mashariki kwa ile reli iliyoitwa ya Uganda, akaona nyanda za juu zenye baridi akadhani hazina watu. Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa Kishinev, mji wa dola ya Urusi, na dunia ikashtuka. Agosti mwaka huo serikali ya Uingereza ikamwandikia kiongozi wa Wazayuni, Theodor Herzl, na wenzake kwamba iko tayari kuzungumzia makazi ya Wayahudi, na eneo lililolengwa likaja kuwa uwanda wa Uasin Gishu. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, ndipo ikahamishiwa himaya ambayo sasa ni Kenya. Kongamano la Sita la Wazayuni mjini Basel lilipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma ujumbe wa kukagua. Wajumbe wa Kishinev wenyewe, waliokuwa wametoka kuzika watu wao, walipiga kura ya kukataa. Masetla Waingereza nao, Lord Delamere akiwa mbele, walipinga kwa nguvu Wayahudi kuletwa huko.

Wakaguzi watatu walifika mwanzoni mwa 1905. Mmoja wao, Nahum Wilbusch, alipotea njia, akaona njaa, akaandika kwamba eneo halifai. Nimekulia katika eneo hilo lisilofaa. Mahindi ya nyuma ya nyumba yetu yalimzidi baba kimo, na malori ya nafaka yalitufungia barabara kila msimu wa mavuno. Basi kongamano la 1905 likaikataa ahadi. Israel Zangwill, mwandishi aliyesoma kisha akafundisha pale pale Bell Lane, alikasirika akajitenga na kuunda chama chake cha kutafuta nchi yoyote, popote. Waziri mkuu wa ahadi na wa Sheria ya Wageni alikuwa mtu mmoja, Arthur Balfour, ambaye mwaka 1917 aliweka sahihi barua nyingine maarufu zaidi, ya kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina. Wanasiasa wa namna yake hawakuona mgongano wowote. Kumfungia mtu mlango wa London na kumfungulia wa Uasin Gishu ilikuwa kazi moja.

Bibi aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza Basel kwa uzito: ni nani waliokuwa wakiishi pale?

Nikamjibu kwamba Wamaasai wa Uasin Gishu walilisha hapo hadi vita vya karne ya 19 vilipowatawanya, na kwamba Wanandi walikuwa wakichunga na kuilinda nchi hiyo dhidi ya reli na dhidi ya serikali kwa miaka kumi. Oktoba 19, 1905, miezi miwili na ushei baada ya Balfour kuipitisha sheria yake, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen alipokuja kwenye mazungumzo ya amani. Afisa huyo baadaye akawa shabiki mkubwa wa Uzayuni, jambo ambalo sijui niliweke kwenye rafu ipi. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, ardhi ikapimwa vipande kwa nambari, na mji ukaota kwenye shamba nambari 64. Wazee kwetu bado huuita Sisibo.

Sikumwambia yaliyofuata, maana hayakuwa matembezi yangu. Baada ya uhuru masetla waliuza, na wazazi wangu walifika kutoka Nyeri na hisa za kampuni ya kununua mashamba. Nao walipokewa na Wakikuyu waliotangulia, waliowapa kona ya kulala na kuwaonya wasipige kelele, wasijionyeshe, wasituharibie. Januari 2008, baada ya uchaguzi, vijana wa mtaa walituita madoadoa na kutuambia turudi kwetu. Watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walichomwa humo. Baba alitoka na nguo alizovaa. Cherehani ilifichwa na jirani yetu Mnandi nyuma ya magunia ya mahindi hadi Aprili, kisha akaileta mwenyewe Nairobi juu ya basi. Shangazi zangu waliokuwa Nairobi tangu zamani walitupa vyumba, na usiku niliwasikia wakiulizana tutakaa hadi lini. Hizo nazo ni siku 14 za Leman Street, ingawa hawakuziandika popote.

Mwisho wa matembezi ulikuwa dukani Brick Lane, panapouzwa beigel usiku na mchana, mkate wa duara unaochemshwa majini kabla ya kuokwa, na ndani yake nyama ya ng'ombe ya chumvi na haradali inayopanda puani. Wahudumu hawakuwa na muda wa urithi wa mtu yeyote. Uko tayari? Unataka nini? Anayefuata! Mpwa wangu alinunua sita za kupeleka zamu ya usiku.

Bibi alikuja na daftari lake. Alitaka nimwandikie Uasin Gishu kwa herufi kubwa, na jina la Koitalel. Akasema wiki ijayo atayaingiza, ila kila kituo kina muda wake, watu huchoka miguu, na pale njiani kati ya Bell Lane na Brick Lane ana dakika mbili tu. Je, naweza kumwandikia maneno ya dakika mbili?

Jioni hiyo tulikaa jikoni, mimi na karatasi, mpwa wangu na saa ya simu. Alitaka nimtoe Delamere. Nilitaka abaki, kwa sababu bila yeye mtu atadhani masetla na wizara walikuwa kitu kimoja. Akasema basi mtoe Wilbusch, nikasema Wilbusch ndiye atakayewachekesha. Tukamtoa Zangwill, tukamrudisha. Nilisoma kwa sauti, haraka, bila kupumua panapotakiwa. Tulipofika 1908 dakika tatu na nusu zilikuwa zimekwisha, na Makaburu walikuwa bado njiani na magari yao ya ng'ombe.